Ukiwa Korongoni, Uliza Kumenyesha Wapi

Asanteni. Walio nyuma, sogeeni, nafasi ipo huku mbele. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kutembea katika nchi ya mawe mekundu wakati wa mvua, kwa sababu wenzetu wawili wanaenda Utah na Arizona, Marekani, mwezi wa Agosti. Nitazungumza. Lakini nyinyi mnaoshuka korongo la Hell's Gate, huku kwetu Kenya karibu na Naivasha, Jumamosi hii msidhani hamhusiki, maana nilichokuja nacho ni kile kile ninachowaambia kila mwaka.

Nianze na Antelope Canyon. Iko karibu na mji wa Page, Arizona, katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko. Ni ufa ndani ya jiwe la mchanga, mwembamba hata mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sehemu ya juu Wanavajo wameipa jina lenye maana ya mahali maji yanapopita kati ya miamba. Sikilizeni jina hilo vizuri. Mwenye nyumba amekwisha kukwambia njia hii ni ya nani.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii walishuka sehemu ya chini. Pale walipokuwa mvua ilikuwa kidogo sana. Lakini kilomita kama 11 huko juu ilikuwa imepiga mvua ya radi, na maji ya huko yote hutokea kwenye ufa ule. Jangwa lile halinywi maji. Ni mwamba mtupu, na palipo na udongo umekauka ukawa kama sakafu ya saruji, kwa hiyo kinachoanguka kinateremka. Bonde pana likakusanya, likamimina kwenye kichochoro. Ngazi wakati ule zilikuwa za mbao, zikabebwa. Watu 11 walikufa. Alinusurika mmoja tu, mwongozaji wao, ambaye alikuwa amefunzwa uokoaji kwenye maji ya kasi.

Hapo ndipo watu hunikatiza: Mwalimu, sisi tutaangalia mbingu, tukiona wingu tunatoka. Wingu lipi? Ukiwa chini ya korongo unaona utepe wa anga usiozidi upana wa kanga. Wale wa 1997 wangetazama juu mpaka shingo ziume na bado wasione kitu cha kuwatoa mle. Mwingine ananiambia simu yake ina programu ya hali ya hewa. Programu hiyo inakwambia habari za mjini Naivasha, na ukishuka korongoni mtandao wenyewe unakukimbia. Swali la kuuliza ni hili: maji yakianza safari ya kuja hapa niliposimama, yanaanzia wapi, na huko kumenyesha?

Na kwetu je? Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa, Hell's Gate. Septemba mosi 2019, watu saba tena, korongo lile lile, na mmoja wao alikuwa mwongoza watalii wa pale pale, aliyeijua kila kona yake. Septemba si masika. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba yeye huenda miezi mikavu.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwashusha watu mle, Novemba moja, jua linawaka. Tulikuwa tumepita chemchemi za maji moto, tuko mahali pembamba. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa akituongoza akasimama ghafla, akainama. Kile kijito kinachopita chini kilikuwa safi, unaona changarawe. Sasa kilikuwa kimeingia rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yanaelea povu, vijiti na mavi ya mbuzi. Akasema neno moja tu: "Juu." Kuna bibi alitaka amalizie picha. Nilimshika mkono kwa nguvu, na mpaka leo sijaomba msamaha. Tulipanda ubavuni, tukakaa. Hazikupita dakika kumi. Tulisikia mngurumo kama lori la kokoto linalomwaga mzigo, kisha pale tulipokuwa tumesimama hapakuonekana tena.

Mwanzo wa safari ile nilikuwa nimeona nyasi kavu na sandala ya plastiki vimekwama kwenye ufa wa ukuta, juu kuliko kichwa changu, nikapita bila kujiuliza vilifikaje. Jumamosi mkiona kitu kama hicho, simameni mkitazame. Ile ndiyo alama ya kina cha maji.

Kuna anayejua kuogelea? Naona mikono. Sikilizeni: yale si maji ya bwawa. Ni tope lenye magogo na mawe. Sentimita 15 tu za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Kule Zion, hifadhi ya taifa iliyoko Utah, tarehe 14 Septemba 2015, mto Virgin ulipanda katika robo saa kutoka kama mita moja na nusu za ujazo kwa sekunde hadi zaidi ya 70. Siku hiyo watu saba walikufa katika Keyhole Canyon, korongo jembamba la hifadhi hiyo hiyo, na kibali walikuwa nacho. Kibali na tiketi ya getini ni ruhusa ya kuingia, havizuii maji.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka: nyinyi mnaokwenda Utah, jiwe la mchanga likilowa hupoteza nguvu, kishikio kinamegeka mkononi. Msilikwee mpaka likauke ndani, na hilo huchukua siku nzima au zaidi. Kule mvua za radi za Julai hadi Septemba hupenda alasiri, kwa hiyo ingieni alfajiri na saa sita muwe mmetoka. Habari ya radi na ya viatu nitaiacha.

Kuhusu Jumamosi: Ijumaa jioni nitawapigia simu wafugaji wawili ninaowafahamu, wanaokaa huko juu ya korongo, na asubuhi nitawapigia tena tukiwa getini. Wakisema kumenyesha, tutaendesha baiskeli huku juu mpaka jioni, na korongoni hashuki mtu, hata aliyetoka Kisumu usiku kucha.