Bwawa jipya sawa, ila bili ya gesi nani atalipa?

Haya jamani, asanteni kwa kuja na mvua yote hii, sitawachosha. Nimeombwa niongelee bwawa letu la kuogelea ambalo kaunsili, yaani halmashauri yetu, wanataka kulivunja wajenge jipya, na kwenye grupu naona mnagombana kuhusu hela ya kujenga tu, mara mamilioni mengi, mara nani kala. Mi naona mmeshika swali rahisi mkaacha gumu.

Hela ya kujenga inapatikana. Kaunsili hapa England inakopa serikalini, inauza kiwanja, inadai mchango kwa madeveloper wanaojenga nyumba, jengo linasimama, diwani anakata utepe anapigwa picha. Sasa hela hiyo ni ya kujengea, huwezi kuichota ukalipia gesi wala mishahara ya waokoaji. Gesi inatoka mfuko wa matumizi ya kila siku, na deni lenyewe linarudishwa kutoka humohumo, na humohumo ndo wanatunzwa wazee na watoto wasio na wa kuwalea, ambao sheria inailazimisha kaunsili iwahudumie. Bwawa sheria haiwalazimishi. Halafu mtaala wa taifa unasema mtoto akimaliza praimari awe anaweza kuogelea mita 25, haya, aogelee wapi, kwenye beseni?

Kodi ya kaunsili nayo hawawezi kuipandisha wanavyotaka, kaunsili zenye kazi ya kutunza wazee zikiipandisha kufika asilimia 5 kwa mwaka lazima ziitishe kura ya wananchi. Na Birmingham mliiona Septemba 2023, kaunsili kubwa vile ikatangaza haiwezi kubalansi bajeti.

Sasa bwawa la zamani linakula vipi hela? Siku moja ombeni muonyeshwe chumba cha mitambo. Bwawa la mita 25 kwa 12 na nusu, kina cha wastani mita 1 na nusu, ni karibu lita 470,000, na maji hayo yanatakiwa yawe nyuzi 28 hivi usiku na mchana hata kama hakuna mtu ndani. Joto jingi linapotea juu pale maji yanapogeuka mvuke, ule mvuke una klorini, unapanda kwenye dari unakula vyuma, ndo maana mnaona kutu inachuruzika ukutani na bwawa linafungwa kila mara eti matengenezo ya paa. Mabwawa mengi nchi hii ni ya miaka ya 60 na 70, gesi ilikuwa rahisi, nani alijali kuzuia joto lisitoke. Bei ilipolipuka 2022 ndo watu wakashtuka, serikali Machi 2023 ikatoa pauni milioni 63 kwa mabwawa ya England nzima. Gawanyeni wenyewe.

Kaunsili ya mji wa Exeter mi nawapa maksi. Walifungua St Sidwell's Point 2022, zaidi ya pauni milioni 40, watu walilalamika sana, lakini ndo senta ya kwanza ya michezo Uingereza kujengwa kwa viwango vya Passivhaus, yaani kuta nene, madirisha hayavujishi, joto la hewa inayotoka linarudishwa ndani. Jirani yao Exmouth wakaweka kompyuta zilizozamishwa kwenye mafuta, joto lake linasaidia kupasha bwawa. Ujanja mzuri, ila kwa paa linalooza kompyuta haisaidii kitu.

Kwahiyo zile fomu za maoni za kaunsili msijaze tu "tunataka bwawa", hilo wanalijua. Waandikieni watoe makadirio ya gharama za kuendesha mwaka wa 1, wa 10 na wa 25, waseme bei ya gesi wameweka ipi, na mkandarasi wa kuendesha akikimbia nani anabeba hasara. Wakisema ni siri ya kibiashara, mpelekeeni diwani wenu, aulize kikaoni mbele za watu, ijibiwe ikiandikwa.

Haya, maswali. Wewe dada wa nyuma umeinua mkono zamani, anza.