Tunachangia Harusi, Tuchangie na Kampeni

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya wanawake, Iringa)

Kamwene! Kamwene sana. Mlioko mlangoni sogeeni ndani, baridi hiyo.

Wengi mmeshanisikia nikisema tuwachangie wanawake wenzetu wanaogombea, kama tunavyochangia harusi. Leo nalisema tena.

Mwaka 2019 niliitwa Ilula kwenye kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa mwenzetu, muuza nyanya. Ndani ya wiki tatu zikapatikana shilingi 2,600,000. Mhazini alikuwa na daftari la mistari na peni mbili, ya bluu kwa aliyeahidi, nyekundu kwa aliyelipa. Ukichelewa anakupigia simu asubuhi, jioni anapita kibandani kwako. Hakuna aliyenuna, maana kila mmoja alijua zamu yake inakuja.

Mwaka uliofuata mama huyohuyo akachukua fomu ya udiwani. Tukakaa watu walewale, mhazini yuleyule. Zikapatikana 35,000. Wengine wote tukamwambia, "Tunakuombea, dada." Na mimi nilisema hivyo, nilikuwepo.

Basi akaenda kwa mwenye malori. Akapewa mafuta, spika na gari. Siku ya tatu yule bwana akaanza kumpangia nani awe meneja wake wa kampeni. Siku ya kumi akaanza kupiga simu saa tano usiku, anamwita gesti wakazungumze "mambo ya bajeti". Mama akarudisha gari, akamalizia kampeni kwa miguu, kura za maoni ndani ya chama zikampita. Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya mwaka 2007, lakini nani alikuwa naye akashtaki? Sisi tulikuwa tunamwombea.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, pesa kwenye siasa si ndiyo rushwa yenyewe? Hapana, mama. Tazama pesa inakwenda upande gani. Ikitoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura, hiyo ni rushwa, na ile takrima, yaani "ukarimu" wa mgombea uliokuwa unaificha rushwa hiyo, Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006. Ikitoka kwako wewe mpiga kura kwenda kwa mgombea, imeandikwa na ina risiti, huo ni mchango. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inautambua na inataka hesabu zake. Na hesabu nani anatushinda? Sanduku la vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na kila wiki hisa zinahesabiwa mbele ya wote.

Mwingine ataniambia tuna viti maalum, Katiba imetupa asilimia 30 bungeni. Sivipingi, vimeingiza wengi. Ila diwani wa viti maalum hana kata inayomdai, na kupangwa kwake kunaamuliwa ndani ya chama. Mama Anne Makinda wa hapo Njombe aliingia Bungeni mwaka 1975 akiwa kijana, akaja kuomba kura jimboni Njombe Kusini, na mwaka 2010 akawa Spika wa kwanza mwanamke. Mbeya Mjini Dk. Tulia Ackson alisimama jimboni mwaka 2020 akashinda. Na kabla yao wote Bibi Titi Mohamed alizunguka akiuza kadi za TANU, chama kilichodai uhuru. Kuuza kadi ni nini kama si kuchangisha?

Ndani ya vyama vyetu, vyote, sijali kadi yako ina rangi gani, tunaitwa kupika na kuvaa sare. Uhazini wa tawi tunauacha. Gombeeni uhazini! Anayeshika daftari ndiye anayejua nani kalipiwa mafuta na nani kaachwa.

Nilitaka kuzungumzia mawakala wa vituoni, nauli yao na chakula chao, maana kura nyingi zinapotelea hapo. Mwenyekiti ananionyesha saa. Tutakutana siku nyingine.

Kuna daftari hapa mezani. Ni la wenzetu wanne walio kwenye ukumbi huu wanaotaka kugombea, wa vyama tofauti, kila mmoja ana ukurasa wake. Peni ziko mbili. Ilula, nawaona mko kule nyuma. Linaanzia kwenu.