Msimbo wa Tawi: Sifuri Inayokwamisha Mshahara

ZAWADI: Karibuni tena. Leo ni ile sehemu ya fomu ambayo wengi huijaza kwa kubahatisha: msimbo wa tawi la benki. Kaka Baraka, anza na tarakimu zenyewe.

BARAKA: Hapa Kenya ni tano. Mbili za mwanzo ni za benki, tatu zinazofuata ni za tawi. 01 ni KCB, 03 ni Absa, 11 ni Co-operative, 68 ni Equity. Mtu akikwambia akaunti yake iko Equity halafu msimbo unaanza na 11, usitume kitu.

ZAWADI: Na fomu zenye visanduku viwili?

BARAKA: Kimoja cha benki, kingine cha tawi. Cha tawi kinataka tatu tu.

ZAWADI: Haya, wahasibu sogeeni karibu. Ukiandika 01 kwenye Excel, inabaki 1, maana Excel inaona hesabu. Faili ya mishahara inafika benki na msimbo wa tarakimu nne. Wa Equity wanalipwa, wa KCB na Absa wanabaki wakipiga simu ofisini.

BARAKA: Dawa ni kuifanya safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote. Ukibadilisha baadaye, sifuri iliyokwisha kudondoka hairudi. Na ukihifadhi kama CSV, yaani faili ya maandishi matupu, kisha ukaifungua tena kwa Excel, zinadondoka upya! Ikague kwa Notepad. Namba za akaunti zinazoanza na sifuri zina ugonjwa huohuo.

ZAWADI: Msimbo sahihi tunaupata wapi?

BARAKA: Mwenye akaunti aulize benki yake. Kama ana kitabu cha hundi, uko kwenye mstari wa chini wa hundi, pamoja na namba ya hundi na ya akaunti. Kuna pia orodha ya Chama cha Mabenki Kenya, KBA. Orodha za kuokota mtandaoni mimi siziamini, nyingi zimechakaa. Benki ya NIC ilikuwa 41. Ilipoungana na benki ya CBA mwaka 2019 ikazaliwa NCBA, inayotumia 07. Ukikuta orodha ina 41 ya NIC, ifunge.

ZAWADI: Lakini Barclays ilipoitwa Absa mwaka 2020, 03 ilibaki.

BARAKA: Ilibaki. Jina tu ndilo lililobadilika. Jingine: usichanganye msimbo huu na SWIFT, msimbo wa kimataifa wa benki. Ile ni herufi, kama KCBLKENX, na KE katikati ni Kenya. RTGS, njia ya benki ya kutuma pesa nyingi, huitumia hiyo. EFT, ile ya mishahara, ndiyo inayotegemea tarakimu tano, na haipokei malipo yanayozidi shilingi milioni 1.

ZAWADI: Na kwa PesaLink, ile ya kutuma pesa papo hapo benki hadi benki, je?

BARAKA: Kwa kawaida unachagua benki kwenye orodha na kuweka akaunti, mwisho shilingi 999,999 kwa muamala. Jina la mpokeaji likitokea, lisome lote kabla ya kubonyeza.

ZAWADI: Na pesa ikishapotea njia?

BARAKA: Akaunti isipopatikana, hurudi, ingawa huenda ukakatwa ada. Shida ni namba iliyokosewa ikawa ya mtu mwingine. Hapo wahi benki yako siku hiyohiyo ukiwa na namba ya muamala, waombe wawasiliane na benki iliyopokea. Pesa ikishatolewa, benki hiyo haiwezi kuirudisha kwa kubonyeza kitufe.