Nguvu ya Konsoli Inamfaa Nani?

Ndugu zangu, habari za jioni. Swali letu ni kama nguvu ya konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, ina umuhimu kwa anayetengeneza gemu na anayeicheza. Nitaanza na jibu langu, kisha nilitetee. Nguvu ya konsoli ni jambo kubwa, ila nguvu inayotangazwa sana siyo ninayoithamini. Mimi naipima kwa swali moja: imeondoa kikwazo gani ambacho mtengenezaji wa gemu alikuwa akikizunguka kila siku? Isipoondoa chochote, tunapewa picha safi zaidi ya jambo lile lile.

Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, konsoli ya mkononi, skrini yake haina rangi wala taa. Wapinzani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, zilikuwa na vyote viwili, lakini zilimaliza betri sita kwa saa chache, na zote mbili zikaachwa nyuma. Mwaka 2006 ikaja Wii, konsoli nyingine ya Nintendo, dhaifu kabisa mbele ya PlayStation 3 na Xbox 360, ikauzwa zaidi ya milioni 100. Wapo wanaoishia hapo na kusema nguvu si kitu. Sikubaliani nao. Mauzo yanatuambia watu walinunua nini, hayatuambii kazi ilikwendaje ndani ya studio. Gemu nyingi kubwa za kizazi kile hazikufika Wii kabisa, au zilifika baada ya kujengwa upya.

Basi tuingie studio. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 za kuandaa kila picha. Ndani ya muda huo mashine isome vidole vya mchezaji, iamue maadui waende wapi, ikokotoe vitu vinavyogongana, itoe sauti, na ichore dunia nzima. Ukikubali fremu 30, unapata milisekunde 33.3. Wazo lolote la mbunifu linalipiwa humo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mijadala mingi inapopotea. Teraflopsi tunazobishania (moja ni hesabu trilioni kwa sekunde) zinahusu kichakataji michoro, na uchoraji ndiyo kazi iliyo rahisi kupunguza. Shusha ukali wa picha kutoka 4K hadi 1080p, pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zinabaki robo, na gemu ni ile ile. Lakini akili za maadui, umati wa watu barabarani, ukuta unaobomoka: hivyo vinategemea zaidi kichakataji kikuu na kumbukumbu. Ukivipunguza, umebadilisha mchezo wenyewe. PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016, toleo lenye nguvu zaidi la PlayStation 4, ilipandisha michoro kutoka teraflopsi 1.84 hadi 4.2, zaidi ya mara mbili, ilhali kichakataji kikuu kilitoka kasi ya gigahezi 1.6 hadi 2.1 tu, kwa usanifu ule ule. Gemu iliyokuwa imebanwa kwenye fremu 30 na kichakataji hicho mara nyingi ilibaki kwenye 30, yenye picha kali zaidi.

Kikwazo kilichoondoka kweli kweli ni diski. Konsoli za 2013 zilikuja na diski za kuzunguka, zinazosoma takriban megabaiti 50 hadi 100 kwa sekunde, tena kwa kuhamisha kichwa cha kusomea huku na huko. Ili kupunguza safari hizo, data ile ile ilinakiliwa sehemu nyingi. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 5, alieleza mwaka 2020 kwamba katika gemu ya Marvel's Spider-Man kuna data iliyorudiwa mara 400 kwenye diski. Mara 400! Na hasara haikuwa nafasi peke yake. Fikirieni lifti ndefu mlizopanda kwenye gemu, korido zenye kona nyingi, nyufa ambazo mhusika anajipenyeza polepole. Nyingi ziliwekwa ili mashine ipate muda wa kupakia eneo linalofuata. Maana yake diski ilikuwa inachora ramani pamoja na mbunifu. PlayStation 5 ikaja na hifadhi isiyozunguka, gigabaiti 5.5 kwa sekunde, na mbunifu akaachiwa mikono. Mchezaji naye, hata yule asiyejua pikseli ni nini, alilihisi hilo siku ya kwanza: anakufa, na papo hapo anarudi mchezoni.

Upande wa pili wa jambo hili ni mashine dhaifu kuliko zote ambazo gemu lazima ifanye kazi juu yake. Xbox ina konsoli mbili za kizazi kimoja: Series S yenye teraflopsi 4 na Series X yenye 12, na tofauti hiyo ungeweza kuimaliza kwa kupunguza pikseli. Kinachouma ni kumbukumbu: gigabaiti 10 dhidi ya 16. Studio ya Larian walipoleta gemu yao ya Baldur's Gate 3, toleo la Xbox lilichelewa hadi Desemba 2023 kwa sababu watu wawili kugawana skrini moja kulishindikana kwenye Series S. Mwishowe likatoka bila kipengele hicho kwenye mashine hiyo.

Tusisahau kwamba nguvu ina gharama yake kwa watengenezaji. Mashine ikiweza kuonyesha kila mkunjo wa vazi, lazima awepo msanii wa kuuchonga, na mishahara na miaka ya kazi inaongezeka. Studio ndogo ikiamua kuiacha nguvu hiyo bila kuitumia, mimi naiheshimu. Imejua kikwazo chake ni muda.

Najua mtaniuliza kuhusu Zelda, mfululizo wa gemu za Nintendo. Ndiyo, Tears of the Kingdom ya 2023 inamruhusu mchezaji aunde gari, mashua au chombo cha kuruka kwa vitu anavyookota, na fizikia yake haitetereki, yote juu ya Switch, konsoli ya Nintendo yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na chipu iliyotangazwa mwaka 2015. Ni kazi ya ustadi wa hali ya juu. Lakini tazameni fremu zilizotolewa sadaka: gemu ililenga 30, na penye vurugu zikashuka. Mwaka 2025 ikaja Switch 2, gemu ile ile ikapata toleo linalofikia fremu 60. Wabunifu hawakuhitaji chipu mpya ili kulibuni wazo lile. Aliyekuwa akiihitaji ni mchezaji, mwenye kidhibiti mkononi, katikati ya pambano.