Kidonge Kitakukesheza, Kufikiri Utafikiri Mwenyewe

Nyie mnaosoma Marekani hamhitaji nieleze Adderall na Ritalin ni nini: dawa za ADHD, yaani tatizo la umakini, ambazo wasio nalo humeza ili wasome zaidi. Mwenzako wa chumba ameandikiwa na daktari, wiki ya mitihani anakugawia. Twende kwenye utafiti wa begi. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, naurudia.

Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Melbourne na Cambridge walichapisha matokeo ya watu 40 wasio na tatizo lolote la umakini. Kwenye skrini kuna vitu, kila kimoja na uzito wake na thamani yake; begi lina kikomo. Pakia, upate thamani kubwa kabisa. Siku moja mtu kameza Ritalin miligramu 30, siku nyingine deksoamfetamini (ndugu wa Adderall), nyingine modafinili (dawa ya kuondoa usingizi), nyingine kidonge kisicho na dawa, na mwenyewe hajui kipi ni kipi. Jamani, siku za dawa walichapa kazi! Muda mrefu zaidi, hatua nyingi zaidi: anatia, anatoa, anatia tena. Lakini thamani ndani ya begi ikashuka. Na wale waliofanya vizuri bila dawa ndio walioporomoka hadi chini ya wastani.

Namwona anayecheka pale nyuma: “Mimi ni wa mwisho darasani, basi nitapanda!” Kweli, wa chini walipanda, sifichi. Lakini watafiti wanasema kilichozidi ni kubahatisha. Wote wakipakia ovyo, mwerevu na mzito watatofautiana wapi? Kama shahada unaitafuta kwa bahati nasibu, meza.

“Lakini nikimeza najisikia moto!” Najua. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu 46 walipewa chumvi za amfetamini, dawa ileile iliyomo kwenye Adderall. Vipimo vingi havikuonyesha tofauti yoyote, ila wao waliamini wamefanya vizuri zaidi. Kidonge kinakusifia, nawe unakubali sifa.

Aliyeandikiwa kwa sababu ana ADHD ameze, simsemi yeye. Nasema wewe unayemmalizia dozi yake.

Moyo, usingizi, uraibu… naonyeshwa saa, naruka. Mawili tu. Vya kununua mtandaoni vingine ni bandia, vimeshakamatwa vikiwa na methamfetamini, dawa kali ya kulevya. Na sheria ya Marekani inaiweka Adderall kundi moja na kokeini, kwa hiyo kumpa rafiki kidonge kimoja ni kosa la jinai. Wewe mwenye viza ya mwanafunzi, ukihukumiwa kwa dawa za kulevya unaweza kurudishwa kwenu kabla hujaona matokeo ya huo mtihani.

Haya, maswali. Wa swali la kahawa asubiri mwisho, kila mwaka hakosekani.