Yakini ya Imani na Mipaka ya Ufahamu wa Binadamu

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh, mapadre na wachungaji, walimu wenzangu na wanafunzi. Swali mlilonipa ni iwapo binadamu anaweza kuijua kweli kamili, na kama mwenye dini anaweza kuwa na yakini huku akiwa tayari kusikiliza hoja ya mwenzake. Nitautaja msimamo wangu mapema. Naamini kwamba kweli ipo, lakini yakini ya muumini juu ya Mungu ni jambo moja, na yakini yake juu ya ufahamu wake mwenyewe ni jambo jingine, na madhara makubwa yamezaliwa na watu waliozichanganya hizo mbili.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058, alilipa swali hili uzito unaostahili. Alipokuwa kijana aliona kwamba watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Mayahudi wakawa Mayahudi, na wa Waislamu wakawa Waislamu, akajiuliza ni kiasi gani cha imani yake kilikuwa chake na kiasi gani alikirithi. Akajiwekea kipimo kigumu. Alisema kwamba anajua kumi ni zaidi ya tatu, na mtu akimpinga kisha akageuza fimbo kuwa nyoka ili kuthibitisha maneno yake, yeye atastaajabia tendo hilo, ila hatakuwa na shaka hata chembe juu ya hesabu. Kwa kipimo hicho akazipima hisi zake, akaona haziaminiki, kwa kuwa jicho huona kivuli kimesimama ilhali kinasogea, na huona nyota ina ukubwa wa dinari ilhali ni kubwa kuliko ardhi. Akaigeukia akili, nayo ikamponyoka, maana aotaye huyasadiki anayoyaona hadi anapoamka, na nani awezaye kuthibitisha kwamba hakuna kuamka kwingine baada ya huku? Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, na anaeleza kwamba hakuponywa kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Naomba tulitafakari jambo hilo bila haraka, kwa sababu anayelisimulia alikuwa mjuzi wa hoja kuliko wengi wa zama zake, na mwaka 1091 alipewa nafasi ya kufundisha katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad. Mtu huyo anakiri kwamba msingi wa yakini yake alipewa. Aliyepewa kitu ana haki ya kukishika kwa nguvu zote, lakini simwoni kuwa na haki ya kumwadhibu jirani ambaye bado hajapewa.

Wala tusidhani kwamba hatari hii inawakabili wale tu wanaoiogopa akili. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, mpenzi wa falsafa na mlezi wa wafasiri wa vitabu vya Kiyunani, aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe mmoja mmoja ili wakiri kwamba Kurani imeumbwa, wala si ya milele. Ahmad ibn Hanbal, mwanazuoni wa Hadithi, alikataa, na chini ya al-Mu'tasim, khalifa aliyefuata, akapigwa mijeledi. Waliojivunia hoja ndio walioshika mjeledi siku hiyo, kwa sababu waliyaona mahitimisho yao kuwa ndiyo kweli yenyewe.

Sasa nije kwenye suala linalotugawa hapa pwani karibu kila mwaka, mwandamo wa mwezi, yaani kuonekana kwa mwezi mpya unaoanzisha au kumaliza mfungo. Katika Sahihi Muslim, mkusanyiko wa Hadithi za Mtume, imepokewa kwamba mtu aitwaye Kuraib alikuwa Sham, yaani upande wa Syria, watu wakauona mwezi wa Ramadhani usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporejea Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimwambia kwamba wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wangeendelea kufunga mpaka watimize siku thelathini au wauone. Kuraib akauliza kama kuuona kwa Muawiya, khalifa aliyekuwa Sham, hakutoshi, akajibiwa kwamba hivyo ndivyo Mtume alivyowaamuru. Mwezi ni mmoja, na saa unapokutana na jua ni moja kwa dunia nzima, na wanafalaki huikokotoa kwa dakika. Hata hivyo watu wa miji miwili walianza kufunga siku tofauti, na hakuna aliyemtoa mwenzake katika dini.

Wapo watakaosema kwamba nikienda hivi nitafika mahali ambapo kila rai ni sawa na nyingine. Sivyo. Mtume alifundisha kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja, na mafundisho hayo hayana maana yoyote ikiwa hakuna jibu lililo sahihi. Paulo naye, aliyekubali kufungwa gerezani kwa ajili ya imani yake, aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa sasa anafahamu kwa sehemu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa madrasa na wa katekisimu ni kwamba vijana wafundishwe khitilafu za wanazuoni pamoja na dalili za kila upande, tena waanze kufundishwa wakingali wadogo, kabla hawajakutana nazo mitaani kwa sura ya matusi.