Tuje na Majibu Yaliyokosewa

Ndugu walimu na wahadhiri wenzangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie faida ya makongamano ya walimu wa sayansi ya kompyuta. Kwa maoni yangu, tunakutana ili tuone yale ambayo mwalimu aliye peke yake darasani kwake hawezi kuyaona. Mengine yote, hata mawasilisho mazuri, tungeweza kuyasoma nyumbani.

Tazameni mistari hii minne niliyoandika ubaoni:

a = 5
b = a
a = 7
onyesha b

Programu itaonyesha 5, kwa sababu katika programu b = a maana yake ni kuweka ndani ya b thamani ambayo a inayo wakati huo tu. Lakini wape wanaoanza, na wapo watakaojibu 7, tena bila kusita. Kwa nini? Kwa sababu miaka yote ya hisabati imewazoeza kwamba alama ya usawa ni ahadi ya kudumu: b imeshakuwa sawa na a, basi a ikibadilika, b nayo ifuate. Mwanafunzi huyo hakusinzia. Ametumia kanuni aliyofundishwa, ambayo katika somo lingine ni sahihi kabisa. Mwalimu akiiona 7 hiyo kwenye karatasi moja atadhani kijana hakusikiliza. Walimu wengi wakiweka karatasi zao pamoja na kuikuta 7 ileile, watatambua kwamba tatizo limo katika somo lenyewe na namna tunavyoliingia.

Jambo la namna hiyo lilitokea mwaka 2001 huko Canterbury, Uingereza, kwenye ITiCSE, kongamano la kimataifa la ufundishaji wa kompyuta. Kikundi kazi kilichoongozwa na Michael McCracken kilikusanya kazi za wanafunzi 216 wa vyuo vikuu 4, waliokwisha kufundishwa misingi ya kuandika programu. Walipewa zoezi la kutengeneza kikokotoo. Wastani wa alama ulikuwa 22.89 kati ya 110. Rudieni namba hiyo kidogo. Kila mwalimu aliyekuwa na matokeo mabaya kwake angeweza kujilaumu, au kuwalaumu vijana wake, au kulaumu lugha ya programu aliyoichagua. Matokeo yalipokaa pamoja, visingizio hivyo vyote vilipungua nguvu.

Miaka mitatu baadaye kikundi kingine, chini ya Raymond Lister, kiliuliza swali lililofuata: je, wanafunzi wanashindwa kubuni suluhisho tu, au hata kufuatilia msimbo mfupi, yaani mistari ya programu, ulioandikwa tayari na kusema utatoa nini? Waliwapima wanafunzi wa nchi 7, na wengi wao walionekana dhaifu hata katika kufuatilia. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mkubwa zaidi. Tulikuwa tukidai insha kutoka kwa watu ambao hawajajua kusoma.

Napenda sana jinsi vikundi kazi hivyo vinavyoendeshwa. Watu kutoka nchi mbalimbali, wengine hawajawahi kuonana, huanza kazi miezi kadhaa kabla ya kongamano, wakakutana ana kwa ana kabla halijafunguliwa, kisha wakatoa ripoti moja. Hapo haji mtu kusikiliza tu. Makongamano yetu yamezeeka kidogo sasa: SIGCSE, chombo cha walimu wetu ndani ya ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, kilianzishwa mwaka 1968, na mkutano wake mkuu wa kwanza ulifanyika 1970. Lakini kila ninapohudhuria makongamano, muda mwingi bado unaliwa na mtu mmoja anayesoma slaidi, na maswali hubanwa dakika za mwisho. Hilo linanisikitisha, kwa sababu watu wenye majibu wamekaa kwenye viti.

Mwaka 2006 Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand waliwasilisha zoezi ambalo wengi wetu tunalitumia leo: mistari sahihi ya programu inavurugwa, mwanafunzi anaipanga upya. Ni zoezi jepesi kusahihisha, nalo hukuonyesha fikra ilipokwama. Aliyeweka mstari wa kuongeza kihesabio, yaani namba inayohesabu marudio, nje ya kitanzi, sehemu ya programu inayojirudia, amekwambia asichokielewa, wala hukuhitaji kupekua kurasa mbili za makosa ya nukta na mabano.

Sasa akili mnemba inaandika mazoezi mengi ya mwaka wa kwanza kwa sekunde chache. Najua kikao cha kesho kitajadili kama tuizuie au tuiruhusu. Mimi naona swali kubwa liko kwingine. Programu iliyokabidhiwa haituonyeshi tena mwanafunzi anafikiri nini, kwa hiyo inatubidi tumwombe afuatilie msimbo, atabiri matokeo, aeleze kwa mdomo. Na maswali mazuri ya aina hiyo ni magumu kuyatunga ukiwa peke yako. Yanahitaji majibu yaliyokosewa kutoka madarasa mengi, kwa kuwa jibu lililokosewa ndilo linalokuonyesha swali gani uulize.

Kwa hiyo naomba kikao cha mchana kiende hivi. Kila mmoja atoe majibu matatu yaliyokosewa aliyokuja nayo, majina ya wanafunzi yakiwa yamefutwa. Mezani msijadili kwanza namna ya kurekebisha. Andikeni tu: mwanafunzi huyu aliamini nini hata akaandika hivi? Mkishakubaliana, tungeni swali moja ambalo lingeifichua imani hiyo mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza za somo. Karatasi mtazikuta mezani, na maswali yote tutayakusanya kabla ya saa kumi ili kila darasa lililowakilishwa hapa liyajaribu muhula ujao.